Maji Yetu, Mito Yetu: Mwongozo wa Kuhifadhi Maji na Kutunza Bonde la Mto kwa Shule, Familia na Jumuiya za Birmingham

Mwongozo huu ni wa nani?

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya wazazi na walezi, walimu na wasaidizi wa madarasa, viongozi wa misikiti na makanisa, na yeyote anayesimamia kikundi cha jamii katika mji wa Birmingham na vitongoji vyake. Unaeleza maji tunayoyatumia yanatoka wapi na yanakwenda wapi baada ya kutumika, namna yanavyohusiana na afya zetu, na mambo ambayo kila kaya na kila shule inaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Ufafanuzi wa neno moja unahitajika kabla ya kuendelea. Katika tafsiri hii, *bonde la mto* halina maana ya ardhi ya chini iliyo kati ya vilima viwili peke yake. Ni eneo lote la nchi, pamoja na vilima, mashamba, barabara na mapaa ya nyumba, ambalo mvua inayoliangukia hatimaye hutiririkia mto mmoja. Wasomaji waliokulia Tanzania wamelizoea neno hili kwa maana hiyo, kwa kuwa nchi ile imegawanywa katika mabonde tisa ya maji, kama vile Pangani na Rufiji, na kila bonde lina bodi yake. Kila mtu anaishi ndani ya bonde la mto fulani, hata akiwa ghorofa ya kumi na hata kama hajawahi kuuona mto wenyewe.

Maji ya Birmingham yanatoka wapi?

Birmingham ni mji mkubwa usio na mto mkubwa. Sababu ni kwamba umejengwa juu ya uwanda ulioinuka, karibu na mpaka wa mabonde mawili: bonde la mto Severn, unaoelekea magharibi, na bonde la mto Trent, unaoelekea mashariki. Mito inayopita mjini iko karibu na chanzo chake, kwa hiyo bado ni midogo. Mji ulipokua katika karne ya 19, visima na vijito vyake havikuwatosha wakazi, na vingi vilikuwa vimechafuka.

Suluhisho lilipatikana mbali, katika milima ya Wales. Sheria ya mwaka 1892 iliiruhusu halmashauri ya mji kujenga mabwawa katika bonde la mto Elan, na ujenzi ukaanza mwaka uliofuata chini ya mhandisi James Mansergh. Mfalme Edward wa Saba aliuzindua mradi huo tarehe 21 Julai 1904. Bwawa la Claerwen, lililo kubwa kuliko mengine ya hapo, liliongezwa baadaye na kuzinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1952.

Kutoka Elan, maji husafiri kilomita zipatazo 118 hadi Frankley, kusini-magharibi mwa Birmingham. Hayasukumwi kwa mashine. Mwanzo wa njia yake umezidi mwisho wake kwa kimo cha mita 52 hivi, na mteremko huo mdogo unatosha kuyaleta. Safari huchukua takriban siku moja na nusu. Hivyo basi, maji unayoyachota jikoni asubuhi ya leo yumkini yalikuwa bado Wales juzi.

Maji hayo hayakupatikana bure. Watu wapatao mia moja waliokuwa wakiishi katika bonde la Elan walihamishwa, na nyumba zao, kanisa na shule vikafunikwa na maji. Wenye ardhi walilipwa fidia, lakini wapangaji na wafanyakazi wengi hawakupata kitu. Ni vyema watoto wetu wajifunze jambo hili pamoja na habari za uhandisi, maana tunayafaidi maji ambayo wengine waliyapisha. Haki ndogo tunayoweza kuwatendea ni kutoyamwaga ovyo.

Katika miaka ya karibuni Frankley imeunganishwa pia na mto Severn, kwa bomba linalochota maji karibu na Stourport. Sababu ni kwamba njia ya Elan imetimiza zaidi ya miaka mia moja na hulazimika kufungwa mara kwa mara ili ikarabatiwe.

Maji yanakwenda wapi baada ya kutumika?

Hapa ndipo jambo la ajabu la mji huu lilipo. Mto Elan, kwa asili yake, huingia mto Wye na kuishia magharibi, kwenye mlango wa mto Severn. Lakini maji yake yakishatumika Birmingham, hayarudi huko. Majitaka ya sehemu kubwa ya mji hupelekwa katika kituo cha kusafishia cha Minworth, ambacho ni kimojawapo cha vikubwa zaidi Uingereza. Yakishasafishwa hutiwa katika mto Tame. Tame huingia Trent, Trent hufika mlango wa Humber, na mwisho ni Bahari ya Kaskazini, upande wa mashariki. Mji wetu huchukua maji ya bonde moja na kuyatoa katika bonde jingine.

Mito mingine ya Birmingham nayo hufuata njia hiyo hiyo ya mashariki. Mto Rea huanzia vilima vya Waseley, hupita Northfield, Cannon Hill Park na Digbeth, kisha hukutana na Tame karibu na Gravelly Hill. Mto Cole hupita Sarehole, Stechford na Chelmsley Wood kabla ya kufika Coleshill, na maji yake pia huishia Tame.

Kwa kuwa mito hii ni midogo, haina maji mengi ya kuzimua uchafu. Ndoo moja ya mafuta machafu ikimwagwa katika mto mkubwa, athari yake huenda isionekane. Ikimwagwa katika Rea wakati wa kiangazi, inaweza kuua samaki na wadudu kwa umbali mrefu. Mto Tame ulichafuliwa kwa kiasi hiki katika zama za viwanda hata ikabidi maziwa maalumu yatengenezwe Lea Marston, yakaanza kazi mwaka 1980, ili matope yenye sumu yatuame humo kabla mto haujaendelea. Tangu hapo hali imeboreka sana. Leo mdiria, ndege wa samawati anayevua samaki, huonekana kandokando ya Cole, ndani ya mji. Maboresho hayo yalichukua miongo, na uzembe wa siku moja unaweza kuyarudisha nyuma.

Kwa nini idara ya afya ya umma inashughulika na mito?

Kwa sababu historia ya afya ya umma ni historia ya maji. Kipindupindu kilipoingia Uingereza, mwaka 1832 mji wa Bilston, ulio kilomita chache tu kutoka hapa, ulipoteza zaidi ya watu 700 katika muda wa wiki chache. Birmingham ilipata nafuu katika tukio hilo, lakini visima vyake viliendelea kuchafuliwa na vyoo vya mashimo. Mwaka 1876, chini ya meya Joseph Chamberlain, mji uliinunua kampuni binafsi ya maji, ikaaminika kwamba maji safi ni haki ya wote na si bidhaa ya wenye uwezo. Usimamizi huo ulibaki mikononi mwa mji hadi 1974, ulipohamishiwa mamlaka ya Severn Trent, ambayo nayo iligeuzwa kampuni binafsi mwaka 1989.

Miaka hiyo hiyo Zanzibar ilikuwa ikipitia jambo kama hilo. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu ya watu mjini, na daktari aliyekuwepo huko, James Christie, alichapisha kitabu juu yake mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini. Na kwa wasomaji waliotoka Kongo ya mashariki, hakuna haja ya kukumbusha yaliyotokea Goma mwaka 1994, pale kipindupindu kilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi.

Kwa hiyo hakuna jamii inayohitaji kufundishwa thamani ya maji kuanzia mwanzo. Kinachohitaji kuelezwa ni kwamba hapa Birmingham, ambako koki haikauki, hatari imebadilika sura, haikutoweka.

Hatari mbili za leo: ukame na mafuriko

Wengi hudhani Uingereza ni nchi ya mvua isiyokwisha. Hata hivyo, hali ya ukame ilitangazwa rasmi katika eneo la West Midlands mwaka 2022, na tena Julai 2025. Kiwango cha mito kinaposhuka, uchafu uliomo huwa mzito zaidi, joto la maji hupanda, na viumbe hukosa hewa.

Upande wa pili ni mvua ya ghafla. Tarehe 27 Mei 2018, kituo cha kupimia mvua cha Winterbourne, Edgbaston, kilirekodi milimita 58 katika saa moja, kiasi kinachozidi wastani wa mwezi mzima wa Mei. Mitaa ya Selly Park na mingineyo ilifurika. Ardhi iliyofunikwa kwa lami na zege hainyonyi maji. Yote hukimbilia mitaro kwa mara moja. Katika sehemu za kale za mji, maji ya mvua na majitaka hutumia bomba moja, na bomba hilo likizidiwa, mchanganyiko wa vyote viwili hutolewa mtoni.

Ndiyo maana kuhifadhi maji na kuutunza mto ni kazi moja. Kila lita isiyopelekwa mtaroni bila sababu huacha nafasi ndani ya bomba siku ya mvua kubwa, na hubaki bwawani kwa siku ya ukame.

Kupunguza matumizi nyumbani bila kudhuru afya

Mtu mmoja nchini Uingereza hutumia kwa wastani lita zipatazo 140 kwa siku. Sehemu kubwa huishia bafuni na chooni. Mambo yafuatayo huleta tofauti kubwa zaidi:

- Chunguza tangi la choo. Choo kinachovuja kimyakimya kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, kisha usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana ndani ya bakuli la choo, tangi linavuja. Ukiwa mpangaji, mwarifu mwenye nyumba kwa maandishi na uhifadhi nakala.
- Fupisha muda wa kuoga. Bomba la mvua hutoa kati ya lita 6 na 15 kwa dakika. Kupunguza dakika tatu huokoa maji na pia gharama ya kuyapasha moto.
- Funga koki wakati wa kupiga mswaki na kusugua vyombo. Koki iliyoachwa wazi hutoa lita 6 au zaidi kwa dakika.
- Jaza mashine ya kufulia kabla ya kuiwasha.
- Oshea mboga ndani ya bakuli, kisha maji hayo yamwagilie mimea.

Yapo pia mambo ambayo hayapaswi kupunguzwa. Usibane maji ya kunywa, hasa kwa watoto, wazee na wajawazito. Usiache kunawa mikono kwa sabuni kwa muda wa sekunde 20. Inatosha kufunga koki wakati wa kusugua. Usihifadhi maji ya kunywa katika ndoo zisizofunikwa. Maji ya koki ya jikoni ni salama kunywewa bila kuchemshwa, isipokuwa kampuni ya maji ikitoa tangazo maalumu la kuchemsha. Kwa watoto wachanga wanaotumia maziwa ya kopo, maji lazima yachemshwe kila mara, kwa kuwa unga wa maziwa wenyewe unaweza kuwa na vijidudu.

Katika nyumba za ibada

Misikiti na makanisa ni mahali pazuri pa kufundishia, maana watu husikiliza na hurudi kila wiki. Kwa Waislamu, suala la kutawadha lina mafunzo yake tayari. Imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga kwa pishi moja au zaidi kidogo. Kibaba hicho hakifiki lita moja. Anayetawadha kwa dakika mbili huku koki ikiwa wazi hutumia lita 12 au zaidi, na israfu katika maji imekatazwa hata penye maji tele. Kamati ya msikiti inaweza kufunga koki zinazojifunga zenyewe, kubandika kikumbusho karibu na kila koki, na kupima matumizi ya mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada ya hapo ili waumini waone tofauti katika bili.

Makanisa na kumbi za jamii zinaweza kuweka mapipa ya kuvunia maji ya paa kwa ajili ya bustani. Watu wa visiwa vya Lamu huvuna mvua kwa majabia, na ujuzi huo unastahili kusimuliwa hapa. Maji ya pipa hayafai kunywewa, na pipa liwe na kifuniko ili mtoto asiweze kutumbukia.

Nini kisimwagwe, na wapi

Kuna mitaro ya aina mbili, na kuichanganya ndilo kosa linalochafua mito kuliko mengi. Bomba la sinki, bafu na choo hupeleka maji kwenye kituo cha kusafishia. Lakini wavu wa chuma ulio kando ya barabara, katika maeneo mengi, hupeleka maji moja kwa moja mtoni, bila kusafishwa.

Usimwage katika wavu wa barabarani: maji ya kuoshea brashi za rangi, oili ya gari, maji ya sabuni ya kusugulia mazulia, au mabaki ya chakula. Oili iliyotumika na rangi hupokewa katika vituo vya manispaa vya kuchakata taka.

Usimwage katika sinki: mafuta ya kukaangia, samli au mchuzi wenye mafuta mengi. Mafuta yanapopoa huganda ndani ya bomba na kuliziba, na majitaka hurudi ndani ya nyumba, yako au ya jirani. Yaache yapoe, yatie katika chombo, kisha yatupe pamoja na taka za kawaida. Sufuria ya pilau ipanguswe kwa karatasi kabla ya kuoshwa.

Usitupe chooni: vitambaa vya kufutia watoto, hata vile vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa humo, nepi, taulo za kike, pamba, na dawa. Dawa zilizobaki zirudishwe kwa mfamasia.

Kadhalika, ukinunua mashine ya kufulia au kuongeza bafu, hakikisha fundi ameunganisha bomba lake na mfumo wa majitaka na si wa maji ya mvua. Kosa hilo huendelea kuchafua mto kila unapofua, kwa miaka, bila mwenye nyumba kujua.

Mabomba ya risasi

Nyumba iliyojengwa kabla ya 1970 inaweza kuwa na bomba la risasi linaloingiza maji. Risasi hudhuru ukuaji wa ubongo wa mtoto, na wajawazito na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Maji ya Elan kwa asili ni laini. Ndiyo maana birika hapa haliachi ukoko mweupe kama katika miji mingine. Lakini maji laini pia huyayusha risasi kwa urahisi zaidi, na kwa sababu hiyo kampuni za maji huongeza fosfeti kidogo ili kupunguza athari hiyo.

Tazama bomba linaloingia chini ya sinki la jikoni. Bomba la risasi ni la kijivu, laini, na likikwaruzwa kwa sarafu hung'aa kama fedha. Ukilishuku, piga simu kwa kampuni ya maji na uulize kuhusu kupimiwa. Wakati ukisubiri, usinywe maji yaliyolala bombani usiku kucha: asubuhi jaza kwanza beseni la kuoshea vyombo au la kumwagilia maua, ndipo uchote ya kunywa. Kuchemsha hakuondoi risasi.

Mapendekezo kwa shule

Masomo yafuatayo yanahitaji vifaa vichache na yanafaa watoto wa miaka 7 hadi 14.

1. Bonde ndani ya karai. Kunja karatasi nene ili ifanye vilima na mabonde, ifunike kwa plastiki, kisha nyunyizia maji. Watoto wataona matone yakikusanyika kuwa mto. Tia rangi ya chakula juu ya kilima kimoja na uulize: nani aliye chini ataipata?
2. Ramani ya mitaro. Chora uwanja wa shule na uweke alama kila wavu. Jadilini kila mmoja unaelekea mto upi. Alama ya samaki wa njano kando ya mtaro hutumika nchini kuwakumbusha watu kwamba maji hayo huenda mtoni. Ombeni ruhusa ya wenye mtaro kabla ya kuichora.
3. Kupima koki. Kwa jagi na saa, pimeni koki hutoa kiasi gani kwa sekunde kumi, kisha mzidishe. Hesabu inayotoka katika choo cha shule yenyewe huaminiwa zaidi kuliko ya kitabuni.
4. Kipimo cha mvua. Chupa iliyokatwa na rula hutosha. Rekodini kwa muhula mzima na mlinganishe na milimita 58 za tarehe 27 Mei 2018.
5. Wadudu wa mtoni. Pamoja na mtaalamu, mfano kutoka shirika la uhifadhi la Birmingham and Black Country Wildlife Trust, chunguzeni viumbe wadogo walio chini ya mawe. Baadhi ya wadudu huishi katika maji safi tu, kwa hiyo uwepo wao ni ushahidi ambao hauwezi kughushiwa.
6. Simulizi za wazee. Mwalikeni mzazi, bibi au babu aeleze alivyochota na kutunza maji alikokulia. Mama aliyebeba ndoo ya lita 20 kichwani anaijua thamani ya lita kuliko jedwali lolote. Mtoto anayemwona mama yake akifundisha darasa zima hujifunza mambo mawili kwa pamoja.

Angalizo kwa walimu: somo la maji lisigeuke kuwa somo la lawama. Familia yenye watu wanane hutumia maji mengi kwa sababu ni watu wanane. Linganisheni matumizi ya mtu mmoja mmoja, na msimtake mtoto yeyote kutangaza bili ya kwao.

Usalama karibu na maji

Kumpenda mto hakumaanishi kuuingia. Desemba 2022, wavulana wanne walifariki baada ya kutumbukia katika ziwa la Babbs Mill, Kingshurst, lililokuwa limeganda. Watoto waliotoka nchi za joto, na wazazi wao pia, huenda hawajui kwamba barafu inayoonekana imara inaweza kuvunjika kwa uzito wa mtoto.

- Usikanyage barafu ya ziwa, bwawa au mfereji wa mashua, hata kwa hatua moja.
- Usiogelee katika mabwawa, mito na mifereji ya mjini. Hata siku ya joto kali maji ya ndani ni baridi, na mshtuko wake hukata pumzi ya anayejua kuogelea.
- Ukimwona mtu anazama, usimfuate majini. Piga 999, mwambie ajilaze chali aelee, na mtupie chochote kinachoelea.
- Baada ya kugusa maji ya mto, nawa mikono kwa sabuni na ufunike majeraha. Mkojo wa panya ulio majini unaweza kusababisha ugonjwa wa leptospirosisi. Ukipata homa kali na maumivu ya misuli katika wiki zinazofuata, mweleze daktari kwamba uligusa maji ya mto.

Ukipata shida ya kulipa bili

Fahamu kwamba, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1999, kampuni ya maji hairuhusiwi kuikatia maji nyumba kwa sababu ya deni. Usipunguze maji ya kunywa au ya usafi kwa hofu hiyo. Deni lenyewe hata hivyo hubaki, kwa hiyo wasiliana na kampuni mapema. Severn Trent ina mpango uitwao Big Difference Scheme unaopunguza bili za wenye kipato kidogo. Mpango mwingine, WaterSure, huwekea ukomo bili ya kaya yenye mita inayopokea ruzuku fulani za serikali na ambayo ina watoto watatu au zaidi walio chini ya miaka 19, au mgonjwa anayehitaji maji mengi. Una haki pia ya kuomba mita bila malipo; kwa kawaida humfaa anayeishi peke yake katika nyumba kubwa kuliko familia kubwa iliyo katika nyumba ndogo.

Una haki ya kuomba mkalimani unapopiga simu. Tafadhali usimtwike mtoto kazi ya kutafsiri mazungumzo ya deni.

Umwarifu nani?

- Mto umechafuka, samaki wamekufa, au mafuta yanaelea: piga simu ya Environment Agency, 0800 80 70 60, saa 24, bila malipo. Taja mahali, saa, na rangi au harufu uliyoiona. Usiyaguse maji hayo.
- Bomba limepasuka barabarani, maji yamebadilika rangi, au majitaka yanafurika: piga simu Severn Trent, kwa namba iliyo katika bili yako.
- Hatari kwa maisha: 999.
- Ushauri wa afya usio wa dharura: 111.

Kila anayearifu husaidia. Mito mingi ya mjini huchafuliwa mahali ambapo watu kadhaa waliona, na kila mmoja akadhani mwenziwe ameshapiga simu.

Mwongozo huu unaweza kunakiliwa na kugawiwa bila malipo katika shule, nyumba za ibada na mikutano ya jamii. Tafadhali ubandike mahali ambapo hata asiyesoma Kiingereza atauona.